Usiku Kucha



Kiswahili chetu kina majina kadhaa ya mwanzo wa siku. Alfajiri limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kupasua: nuru inaupasua usiku. Katika karne ya 19 Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliojenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo. Njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Jina la nuru lilitufikia kwa njia ya giza. Hata hivyo ndilo tunalotumia leo tunaposimulia habari za wanawake waliokwenda kaburini siku ya Ufufuko.

Kuna neno jingine, la asili ya Kibantu: kucha. Giza likiondoka, twasema kumekucha. Ndilo lililozaa macheo, na ndilo lililomo katika usiku kucha, yaani usiku wote mpaka kuche. Wazee wetu walipotaka kutaja urefu wa usiku, waliupima kwa mwisho wake. Ndani ya jina lenyewe la usiku mrefu wameiweka asubuhi.

Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu la Bafwabaka, aliuawa Isiro katika usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Alikataa kuvunja nadhiri yake ya usafi, na kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga. Alikuwa na miaka 24. Usiku ule haukumchea hapa duniani. Lakini tangu kale Kanisa huiita siku ya kifo cha shahidi siku yake ya kuzaliwa mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Wengi wetu tunaujua usiku wa kusikiliza milio ya risasi. Kukesha katika usiku kama huo si kujidanganya kwamba giza halipo. Wanawake wale waliondoka nyumbani kungali giza, wakabeba manukato, wakaenda.

Swali la kikundi: Ni nani katika parokia yetu ambaye bado hajakuchewa, na ni nani kati yetu atakayekesha naye?