Mbinu za kuishi na intaneti ya simu ya mezani (bado zinafanya kazi!)

Leo tuongelee kitu ambacho wadogo zetu wengi hawajawahi kukiona: intaneti ya kupiga simu, ile ya modemu inayopiga makelele weee, halafu ndio unaingia mtandaoni. Najua kuna watakaosema hiyo ni historia. Subirini kidogo. AOL ya Marekani imezima huduma hiyo Septemba 30, 2025, yaani juzi tu. Na mbinu za wakati ule zinaokoa watu mpaka leo net ikiwa kimeo.

ILIFANYAJE KAZI?
Modemu iligeuza data za kompyuta kuwa sauti, sauti ikapita kwenye waya wa simu ya mezani mpaka kwa mtoa huduma, kule ikageuzwa tena kuwa data. Modemu za kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, ziliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde kwa kupokea na 33.6 tu kwa kutuma.

Hapa wengi waliingia mkenge. Biti 8 ndio baiti 1, kwa hiyo hizo 56 ni kilobaiti 7 kwa sekunde, tena waya ukiwa safi kabisa. Nyumbani ukipata 4 au 5 unashukuru Mungu. Wimbo wa megabaiti 4 ulikula kama dakika 15. Service Pack 2 ya Windows XP ilipotoka 2004, faili lake kamili lilizidi megabaiti 260. Piga hesabu: masaa kama 16, bila kukatika hata mara moja!

Kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na tatizo la pili. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano yetu na nje yalitegemea sana setilaiti, iliyo kilomita kama 36,000 juu. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imeisha kabla hujaona kitu. Ukurasa wenye vipicha 40 unaomba mara 40. Ndio maana kurasa zenye vikorokoro vingi ziliburuta hata kama kila kimoja ni kidogo.

MBINU ZENYEWE
1. Fanya kazi nje ya mtandao. Hii ndio mama wa zote. Simu ilihesabu dakika hata kama umekaa unasoma tu. Wajanja waliandika barua pepe zote kwenye Outlook Express au Eudora, wakaunganisha, wakatuma na kupokea kwa mpigo, wakakata. Kusoma na kujibu baadaye, taratibu, bure.

2. Zima picha. Opera ilikuwa na kitufe cha kuzima picha ukabaki na maandishi. Mwaka 2006 Opera Mini ikasambaa kwenye simu za mkononi: ukurasa unabanwa kwanza kwenye kompyuta zao, unakufikia ukiwa mdogo.

3. Tumia programu inayoendelea pale ilipoishia. Line ikikatika kwenye asilimia 95, ukipakua kawaida unaanza sifuri. GetRight na FlashGet ziliendelea palepale, mradi kompyuta ya upande wa pili inaruhusu.

4. Kagua waya. Waya mrefu wa kuungaunga, simu tatu kwenye line moja, kiungio kilichoingia maji ya mvua, vyote hivyo vinaleta kelele, na modemu ikisikia kelele inapunguza mwendo au inakata. Chomeka modemu kwenye soketi ya kwanza kabisa inayoingia ndani ya nyumba.

5. Ipe modemu subira. Kwenye mipangilio ya modemu, sehemu ya amri za ziada, watu waliandika ATS10=50. S10 inahesabu sehemu za kumi za sekunde, maana yake sauti ikipotea modemu isubiri sekunde 5 kabla ya kukata simu. Pia zima ule mlio wa simu ya pili kuingia ukiwa unaongea, huo ulikata watu wengi sana.

6. Kabla radi haijaanza, chomoa waya wa umeme NA wa simu. Watu walichomoa umeme tu, modemu ikaungua kupitia waya wa simu.

7. Mzigo mkubwa usiubebe nyumbani. Nenda kafe yenye net nzuri, choma kwenye CD au weka kwenye flash.

KWA NINI NAYAANDIKA HAYA
Mjomba wangu mwaka 2006 alikuwa anajaza fomu ya chuo cha nje, nyumbani kwa bibi, usiku wa mwisho wa kutuma. Amejaza kurasa nne mlemle mtandaoni. Bibi hana habari, akanyanyua simu sebuleni ampigie shangazi. Line ikakata, fomu yote ikapotea. Alipofanikiwa kuunganisha tena, saa sita usiku imeshapita. Mwaka ule akakosa. Bibi mpaka leo tukimtania hacheki.

Sasa njoo Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu pamoja na intaneti ikawa ya kinyonga Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mimi nina fomu ya kozi na bando limejaa, ila ukurasa haufunguki. Mjomba akaniambia, "Wewe, andika majibu yote pembeni kwanza." Nikaandika kwenye simu bila net. Picha ya cheti cha form four nikaipunguza kutoka megabaiti 3 mpaka kilobaiti 200. Nikaamka saa kumi alfajiri watu wamelala, nikabandika majibu, nikatuma. Ikakata mara mbili, lakini sikupoteza kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa kwangu. Mara ya tatu ikaenda.

Somo ni hilohilo la namba 1. Mtandao mbovu haukuumizi sana kwa kuchelewa, unakuumiza pale kazi yako inapokuwa iko kwake peke yake. Ukiwa na nakala yako, ikikatika unarudia tu kutuma.

Kwa leo: andika pembeni kabla ya kubandika, punguza picha, pakua makala usome baadaye, zima video zinazojicheza zenyewe, na usisubiri usiku wa mwisho.

Mwenye mbinu nyingine aimwage hapo chini tusaidiane. Na waliowahi kukatiwa line na bibi zao, semeni tu, hamko peke yenu!