Ramani ya Bahari ya Unyamwezi, 1856

Ramani hii ilichapishwa Gotha, Ujerumani, mwaka 1856 katika jarida la jiografia la August Petermann. Waliokusanya habari zake ni wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, ambao hawakuwa wamefika huku upande wa Mpanda. Waliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara waliokutana nao pwani.

Angalia ziwa lililo katikati, kubwa mno, limejipinda kama konokono asiye na gamba. Msafiri aliyeanzia Pangani, aliyeanzia Bagamoyo na aliyeanzia Kilwa, kila mmoja alisimulia maji makubwa mwishoni mwa njia yake. Wote walisema kweli. Maji hayo yalikuwa Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Kosa ni la mchoraji aliyeyaunganisha yakawa ziwa moja. Ziwa Rukwa, jirani yetu wa kusini, halimo kabisa.

Wanajiografia wa London waliibishania vikali ramani hii. Richard Burton na John Speke wakatumwa kuchunguza, na Februari 1858 wakafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa njia ya misafara, wakiongozwa na watu wa Pwani na Wanyamwezi walioijua vizuri. Majina ya wengi wa waongozaji hao hayakuandikwa kwenye ramani yoyote, ingawa ujuzi ulikuwa wao.

Mgeni uliye Mpanda, ukipata nafasi shuka hadi Karema, ulione Ziwa Tanganyika lenyewe.