Siku 30 za Mattie

Glikl wa Hamburg aliozwa akiwa na miaka 14, akazaa watoto 14, na pamoja na mumewe Chaim akafanya biashara ya lulu na dhahabu. Chaim alipofariki mwaka 1689, mjane huyu alikosa usingizi. Mwaka 1691 akashika kalamu na kuanza kuwaandikia wanawe, kwa Kiyidi, habari za ukoo wao. Kitabu chake nakipenda kwa sababu mama huyu hafichi mambo ya fedha: mahari ya kila harusi anaitaja, na mdaiwa mbaya hasahauliki.

Katikati ya habari hizo yumo binti yake Mattie. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu, mzuri na mwerevu. Mikono na miguu ikaanza kuvimba. Matabibu waliitwa, dawa zikanunuliwa, na mtoto akateseka wiki nne hadi akafa. Wazazi walilia mpaka wote wawili wakaugua vibaya. Glikl, aliyekuwa mjamzito tena, aliogopa kwamba kulia kule kumemkosea Mungu.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Sheria ya Kiyahudi huupangia msiba vipimo. Mfiwa huchana vazi lake: akifiwa na mzazi, upande wa kushoto, juu ya moyo, akifiwa na mtoto, upande wa kulia. Wakitoka makaburini, mlo wa kwanza huletwa na majirani, aghalabu mayai au dengu, maana wafiwa hawatakiwi kula chakula chao wenyewe. Kwa siku 7 hukaa kwenye vigoda, hawaendi kazini, hawavai viatu vya ngozi, na watu huingia kuwapa pole. Desturi nzuri ni kwamba mgeni hafungui mdomo kabla mfiwa hajasema. (Laiti sote tungeifuata!) Kisha hadi siku ya 30 mfiwa hanyoi nywele. Aliyefiwa na mzazi huendelea kwa miezi 12. Aliyefiwa na mtoto huishia hapo.

Ajabu, sivyo? Mzazi aliyezika mtoto ndiye anayeambiwa ainuke mapema. Lakini miezi 12 ile ni sehemu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama, wala si kipimo cha uchungu. Kuhusu uchungu, Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi, husema siku 3 za kulia, 7 za kumsifu marehemu, 30 za kuacha nywele. Anayezidisha huulizwa na Mungu kama yeye ana huruma kuliko Yeye. Kisha inasimuliwa habari ya mama mwenye wana 7 aliyemlilia mmoja kupita kiasi, akaonywa, na wengine nao wakafa. Hadithi hiyo siipendi hata kidogo. Kumtisha mama aliyefiwa si kumfariji.

Naona afadhali Rabi Yohanan, mwalimu wa Tiberias wa karne ya 3. Talmud hiyohiyo inasimulia kwamba alizika wana 10, akawa anatembea na kimfupa cha yule wa kumi, akiwaonyesha wenye misiba. Siku zake 30 zilikuwa zimekwisha kitambo, na hakuna aliyemkemea.

Walioonewa na vipimo hivi ni wazazi wa vichanga. Mwanasheria wa Kiyahudi Maimonides, katika karne ya 12, aliandika kwamba mtoto asiyetimiza siku 30 kwa kawaida haombolezwi: hakuna kuchana vazi, hakuna siku 7. Enzi hizo vichanga walikufa wengi, na nyumba ingeweza kukaa msibani mwaka hadi mwaka. Sababu hiyo naielewa. Lakini sheria yenyewe iliendelea kutumika hata baada ya vifo hivyo kupungua, na mama akarudi nyumbani mikono mitupu, bila wa kumletea mayai wala dengu. Ni katika miaka ya 1990 tu ndipo marabi wa madhehebu ya Conservative nchini Marekani walipoamua kwamba kichanga naye aombolezwe kama marehemu mwingine yeyote. Walifanya haki, na walichelewa mno.