Picha Ghafi au JPEG: Swali la Zamani Katika Kadi Mpya

Familia za kwanza za mradi wa umwagiliaji wa Bura zilipoanza kuhamia mwaka 1981, kulima pamba kwa maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka mto Tana, kupigwa picha kulimaanisha filamu. Ikishasafishwa, mteja aliondoka na picha yake, negativu ikabaki kabatini kwa mpiga picha. Picha ikipotea au ikiliwa na mchwa, ilisafishwa nyingine. Jirani pale Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alikata, akaunganisha na kupiga upya, hata picha moja ikazaa nyingine.

Faili ghafi (RAW) ya kamera za leo ndiyo negativu hiyo. Wengi hudhani ni anasa iliyozuka juzi, kumbe ndiyo iliyotangulia. Kamera ya kwanza ya dijitali, aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, iliandika pikseli 10,000 tu kwenye mkanda wa kaseti, na kazi hiyo ikachukua sekunde 23. Hakuna kilichobanwa.

Ujuzi wa kubana picha ili zichukue nafasi ndogo ulikuwa tayari umepatikana. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Kansas, aliomba fedha za utafiti mwaka 1972 akanyimwa. Hakukata tamaa, mwaka 1974 yeye na wenzake wawili walichapisha hesabu ambayo JPEG ilijengwa juu yake, kiwango kilichopitishwa mwaka 1992. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, kisha hutupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi.

Hasara yake utaiona Bura siku ya Iddi, saa sita mchana. Mzee kavaa kanzu nyeupe pe, bintiye kando yake na buibui jeusi ti. Pichani kanzu inaungua kwa mwanga, buibui linageuka doa. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, kwa hiyo mara nyingi mikunjo ya buibui inaweza kurudishwa, na kanzu pia kama haikuungua kabisa. Bei yake ni nafasi: faili moja ghafi hula kadi kama JPEG kadhaa, na kuituma kwa mtandao wa simu ni kazi ya subira.

Katika picha za habari nako hakuna makubaliano. Novemba 2015, shirika la habari la Reuters liliwakataza wapiga picha wake wa kujitegemea kutuma picha zilizotengenezwa kutokana na faili ghafi. Lilitaka JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, kwa ajili ya kasi na ukweli. Shindano la World Press Photo hudai faili asili ili kukagua kama mtu amechezea picha. Kwangu mimi, hoja ya pili ina uzito zaidi: bila asili, mpiga picha atajitetea kwa nini?

Kwa picha ya pasipoti, JPEG yatosha. Lakini harusi, Iddi na mto uliofurika havirudiwi. Kamera nyingi huandika faili zote mbili kwa mbofyo mmoja: washa zote mbili, tuma JPEG leo, na ile ghafi inakili kwenye diski mbili, moja ikae nje ya Bura.