Sauti Iliyogeuzwa Kipimo cha Tope

Mwaka 1917, mwanafizikia wa Ufaransa Paul Langevin alitumia madini ya kwatzi kurusha majini sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Alikuwa akizisaka nyambizi za Ujerumani. Baada ya vita viwili vya dunia, sauti hiyo hiyo ilianza kutumika kupima vitu vidogo mno: chembe za udongo zinazoelea majini.

Nchini Marekani, mwanafizikia Robert Urick alichanganya maji na kaolini, udongo mweupe wa wafinyanzi, kisha akapitisha altrasaundi, yaani sauti hiyo isiyosikika. Kwa kuwa sauti hukimbia zaidi ndani ya yabisi kuliko ndani ya maji, mtu angedhani udongo ungeiongezea mwendo. Kumbe mwanzoni mwendo ulipungua! Udongo huyafanya maji kuwa mazito kabla haujayafanya kuwa magumu kubanwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1947.

Mwaka uliofuata Urick aligeukia kufifia kwa sauti. Wimbi linapoyatikisa maji, chembe nzito huchelewa kufuata. Msuguano kati yake na maji hula nguvu ya sauti na kuigeuza joto. Kiasi kinacholiwa hutegemea wingi wa chembe, ukubwa wake na masafa ya sauti yenyewe.

Mbali na msuguano, watafiti Paul Epstein na Richard Carhart waliongeza hesabu ya joto linalopita kati ya vitone vya ukungu na hewa mwaka 1953. Mwaka 1972, J. R. Allegra na S. A. Hawley walipanua hesabu hizo hadi kwenye chembe yabisi ndani ya vimiminika.

Wachimba madini hawakukawia. Mwanga hushindwa kupenya tope zito la mawe yaliyosagwa, na kulizimua kwa maji kwanza hupoteza muda, lakini altrasaundi hupenya. Katika miaka ya 1970, vinu vya kusaga mawe ya shaba vilianza kufungiwa vipimo vilivyotumia masafa mawili kwa pamoja. Sababu ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi kutenganisha tope lenye chembe nyingi na tope lenye chembe kubwa.

Adui alikuwa hewa. Viputo vichache tu huimeza sauti zaidi kuliko mchanga wenyewe, hivyo tope lililazimika kuondolewa hewa kabla ya kupimwa. Hatimaye, mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa sehemu ya kwanza ya kiwango namba 20998, kinachoeleza namna ya kupima chembe kwa sauti.