Mbwa, Gramafoni na Sauti ya Bwana: Historia ya Picha Moja



Huenda siku moja, katika nyumba ya babu au nyanya, mmewahi kuikuta santuri ya zamani: sahani nyeusi, nzito, yenye tundu katikati. Kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya baadhi ya santuri hizo pana picha ya mbwa mdogo mweupe mwenye masikio meusi. Ameketi mbele ya gramafoni, ameinamisha kichwa upande mmoja na kutega sikio. Jina la picha hiyo kwa Kiingereza ni His Master's Voice, yaani Sauti ya Bwana Wake, na herufi tatu za mwanzo za maneno hayo, HMV, zikawa jina la santuri zenyewe.

Leo nawaalika tuisome picha hiyo kama tunavyosoma hati ya historia. Kwa nini mbwa? Na huyo bwana anayesema ndani ya mashine ni nani? Maswali haya yatatutoa Uingereza na kutufikisha Zanzibar.

Mbwa katika michoro ya kale

Wachoraji wa Ulaya walimzoea mbwa karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwa kamera. Mwaka 1434 Jan van Eyck alichora mume na mke wakiwa wamesimama chumbani katika mji wa Bruges, na miguuni pao akaweka kijibwa chenye manyoya marefu. Wataalamu wa sanaa hawajaafikiana juu ya maana yake. Wengine humwona kuwa ishara ya uaminifu wa ndoa. Wengine husema anaonyesha tu kwamba wenye nyumba walikuwa na mali ya kutosha kumlisha mbwa asiyelinda wala kuwinda.

Katika karne ya 19 maana ya uaminifu ilitia mizizi. Mwingereza Edwin Landseer alijipatia umaarufu mkubwa kwa kuchora wanyama. Mwaka 1837 alionyesha picha ya chumba cha maskini mchungaji aliyefariki. Ndani ya chumba hamna mtu wa kumlilia. Yupo mbwa wake peke yake, amelaza kidevu juu ya jeneza. Waingereza wengi waliipenda picha hiyo na kusikitika nayo. Hivyo, kabla hata ya mbwa wetu wa santuri kuchorwa, watazamaji walikuwa wamekwisha kufundishwa kumtazama mbwa kama mtumishi asiyemsahau bwana wake hata baada ya kifo.

Mbwa mbele ya kamera

Upigaji picha ulitangazwa rasmi jijini Paris mwaka 1839. Kamera za kwanza zilihitaji muda mrefu ili mwanga uweze kuacha alama kwenye bamba la picha. Aliyepigwa picha alilazimika kukaa kimya bila kutikisika, na mara nyingi kichwa chake kilishikiliwa kwa nyuma na chuma maalumu ambacho mtazamaji hakukiona.

Binadamu aliweza kuambiwa atulie. Mbwa je? Ndiyo sababu katika picha nyingi za miaka hiyo familia yote inaonekana wazi, lakini mahali pa kichwa au mkia wa mbwa pana ukungu mweupe, kana kwamba kivuli kimepita. Mbwa alipotokea vizuri, mara nyingi alikuwa amelala au ameshikwa. Mambo yalibadilika kuelekea miaka ya 1880, pale mabamba mapya yalipofupisha muda huo hadi kuwa sehemu ndogo ya sekunde. Sasa mbwa aliweza kunaswa akiwa macho, masikio yamesimama. Katika miaka hiyohiyo alizaliwa mbwa ambaye sura yake ingeenea duniani kuliko sura za wafalme wengi.

Nipper na mchoraji wake

Mbwa huyo aliitwa Nipper. Alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Bristol, Uingereza, akiwa chotara wa jamii ya terrier. Jina lake latokana na tabia yake ya kuwauma-uma wageni miguuni. Bwana wake wa kwanza, Mark Barraud, alifanya kazi ya kuchora mandhari za jukwaani katika jumba la michezo ya kuigiza. Mark alifariki mwaka 1887, na Nipper akachukuliwa na ndugu yake, Francis Barraud, aliyekuwa mchoraji. Nipper mwenyewe alikufa mwaka 1895, akazikwa katika mji wa Kingston upon Thames.

Miaka mitatu baada ya kifo cha mbwa huyo, Francis alimchora. Baadaye alieleza kwamba nyumbani walikuwa na fonografu, na kwamba alikuwa akimwona Nipper akishangaa, asijue sauti ile inatoka wapi. Mshangao huo ndio aliouchora.

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa kuwa picha mashuhuri huzaa hadithi. Wako wasemao kwamba sauti iliyokuwa ikitoka mashineni ni ya marehemu Mark. Wako wanaoongeza kwamba ile meza inayong'aa ambayo mbwa ameikalia ni jeneza la bwana wake. Hadithi hizo zinasisimua, na mkikumbuka picha ya Landseer mtaelewa zilikotoka. Hata hivyo, hazina uthibitisho. Francis alieleza habari ya mbwa anayeshangaa sauti. Jina la picha na huruma ya watazamaji vikajaza yaliyosalia.

Kilichofunikwa kwa rangi

Francis alipata taabu kuiuza picha yake. Yasimuliwa kwamba kampuni moja iliyouza fonografu iliikataa kwa hoja kwamba mbwa hawasikilizi fonografu. Tarehe 11 Februari 1899 aliiandikisha ili kulinda hakimiliki yake. Mwezi Mei mwaka huohuo alikwenda katika ofisi ya kampuni ya Gramophone jijini London kuazima pembe ya shaba, kwa sababu alitaka kuifanya picha yake ing'ae zaidi kuliko ilivyokuwa na ile pembe nyeusi ya awali. Msimamizi wa kampuni, William Barry Owen, alipoiona alimwambia kwamba angeinunua, kwa sharti moja: fonografu iondolewe, na mahali pake ichorwe gramafoni. Francis alikubali. Alilipwa pauni 50 kwa picha na pauni 50 nyingine kwa hakimiliki. Aliifunika mashine ya zamani kwa rangi na kuchora mpya juu yake. Mtu akiitazama picha ile ya asili kwa makini, huweza kuona dalili za fonografu chini ya rangi.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kuna tofauti gani kati ya mashine hizo mbili? Zote si zinatoa sauti? Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Fonografu ilitumia silinda ya nta, na iliweza kucheza sauti na kuinasa pia. Mtu aliyekuwa nayo nyumbani aliweza kusema au kuimba mbele ya pembe yake, kisha akajisikia. Gramafoni ilitumia sahani bapa, na mwenye nyumba hakuweza kunasa lolote kwa mashine hiyo. Sahani zilitengenezwa kiwandani, naye kazi yake ilikuwa kununua na kusikiliza. Kwa upande wa biashara gramafoni ilikuwa na faida kubwa, kwani sahani moja ya mfano iliweza kuzaa maelfu ya nakala kwa urahisi.

Kwa hiyo siku ile Francis Barraud alipobadilisha mashine, alibadilisha pia maana ya picha. Mbele ya fonografu, mbwa aliweza kweli kuisikia sauti ya bwana wake, kwa maana bwana yeyote angeweza kujinasa sebuleni. Mbele ya gramafoni jambo hilo halikuwezekana tena. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya mtu aliyechaguliwa na kampuni. Wengine wote, mbwa na bwana wake pia, wakawa wasikilizaji.

Kampuni ilifanikiwa mno. Picha ya Nipper ikawa nembo ya biashara Uingereza na Marekani, na baadaye katika nchi nyingi. Francis aliombwa kuichora tena, akatoa nakala 24 kwa mkono wake kabla ya kufariki mwaka 1924.

Mbwa avuka bahari

Kampuni zilizouza gramafoni ziligundua upesi kwamba mashine haiuziki bila nyimbo ambazo mnunuzi anazielewa. Zikatafuta waimbaji Misri, India na kwingineko. Mwaka 1928 ikafika zamu ya Kiswahili. Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa meli kutoka Zanzibar hadi Bombay, wakanasa nyimbo zao katika santuri za HMV, kampuni yenye nembo ya mbwa yule.

Siti alikuwa nani? Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya kimaskini yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, na binti akavitembeza mjini akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba pamoja na ala, hadi akawa mwimbaji mkuu wa taarabu. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kimesomwa shuleni na vizazi kadhaa.

Kabla yake, taarabu ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, lugha ya mitaa ya Ng'ambo, na mambo ya mitaa hiyo yakaingia katika nyimbo zake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kuhusu mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji alitoroka, nao wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi wakageuziwa kesi na kuadhibiwa. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Waingereza, ambapo mwanamke maskini hakuwa na gazeti wala kiti barazani pa kulalamikia hukumu ya hakimu. Alikuwa na wimbo, na wimbo uliponaswa katika santuri ukaenda mbali kuliko mwimbaji mwenyewe.

Sasa rudini kwenye ile karatasi ya duara. Pana mbwa anayemsikiliza bwana. Pana maneno yanayosema kwamba sauti inayotoka humo ni ya bwana. Lakini santuri ikizunguka na sindano ikigusa, anayesikika ni binti aliyezaliwa na kuitwa Mtumwa. Mahakimu, matajiri na wafanyabiashara walionunua santuri zake walikaa mbele ya gramafoni kama Nipper, wakamsikiliza yeye.

Nisizidishe chumvi. Kampuni iliingia Afrika Mashariki kutafuta faida, wala haikuwa na nia ya kuwapa wanyonge jukwaa. Ni yenyewe iliyomiliki mitambo na kuamua ni nani asafiri kwenda Bombay. Pia hatuwezi kusema kwamba santuri iliondoa dhuluma iliyoimbwa ndani yake. Lakini wimbo ulibaki, na kwa sababu ulibaki, sisi leo tunalijua tukio ambalo huenda lingesahauliwa.

Neno "bwana" na sisi

Katika Kiswahili neno "bwana" lina maana kadhaa. Ni jina la heshima la mwanamume, ni mume, na zamani lilikuwa pia mmiliki wa mtumwa. Maana hiyo ya mwisho ndiyo iliyomo katika jina la picha yetu, na ndiyo inayoumiza. Wahenga walisema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Waliona kwamba mtumishi huiga tabia ya bwana wake. Methali hiyo yafaa kwa mbwa wa kuwinda, lakini raia hapaswi kuwa hivyo. Raia husikiliza, kisha huuliza ni nani anayesema, amepewa nafasi hiyo na nani, na ni sauti zipi ambazo hazikunaswa.

Siku hizi mfukoni mwa watu wengi mna simu inayonasa sauti na kuicheza, kama ilivyofanya fonografu. Uwezo ule uliofunikwa kwa rangi mwaka 1899 umeturudia. Hata hivyo, wengi wetu bado tunaitumia simu kama gramafoni: tunapokea, tunasikiliza, tunawatumia wengine tuliyotumiwa. Nendeni kwa wazee wenu, muwaombe wawasimulie maisha yao kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, nanyi mnase sauti zao huku mkiwa na ruhusa yao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti kati ya fonografu na gramafoni. Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu katika kuielewa picha ya Nipper?
2. Hadithi ya jeneza haina uthibitisho. Kwa maoni yako, ni kwa nini watu waliiamini?
3. Andika insha fupi juu ya mtu mmoja wa kijijini au mtaani kwenu ambaye sauti yake ingestahili kunaswa. Angesema nini?