Kiwiko na kipimo cha mkono

Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu urefu wa safina ya Noa. Biblia inasema mikono 300. Mmoja akanyoosha mkono wote tangu bega, akapiga hesabu, akapata metre zaidi ya 200. Wenzake wakamcheka. Hesabu yake ilikuwa sawa, alianza tu mahali pabaya.

Maana kipimo cha mkono, ao dhiraa, kinaanzia kwenye kiwiko na kufika ncha ya kidole cha kati, karibu sentimetre 46. Wafaransa wanasema coude, kisha coudée, na kiungo kinaonekana wazi. Kwa Kiswahili neno mkono linakificha.

Na si mambo ya Noa peke yake. Katika karne ya 19, wafanyabiashara waliotoka Unguja na kupita Ujiji mpaka Kasongo na Nyangwe, huku kwetu Maniema, walipima kitambaa vilevile: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Ile nguo ya viwanda vya Marekani, iliyoitwa merikani, ilihesabiwa hivyo. Hapo njo penye ugomvi: mkono wa nani? Muuzaji anapenda mtu mfupi apime, mnunuzi anamtafuta mrefu.

Leo kiwiko kimebaki cha kumgusa jirani kanisani mahubiri yakirefuka, ao cha kuegemea meza, jambo ambalo mama zetu walitukataza.

Mimi sasa, nikifika Mwanzo 6, ninawaambia wanafunzi kwanza: kunjeni mkono.